Ikama ya Wauguzi na Saa za Ziada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kudai Mabadiliko ya Sheria

Tangu nichaguliwe katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi naulizwa maswali yaleyale: mikutanoni, kwenye chumba cha chai, na kwa simu za usiku za wenzangu walioachwa peke yao wodini. Nimeyaweka hapa kwa mafungu. Majibu mengi yanahusu Tanzania Bara. Wa Zanzibar, Kenya na walioko Marekani waende moja kwa moja swali la 20 hadi la 22.

## Mambo ya msingi

1. Tunadai nini hasa: mshahara, posho au watu?

Watu. Mshahara na posho vina vikao vyake, na chama kinavishughulikia. Ukurasa huu unahusu mambo mawili yaliyoshikana: muuguzi mmoja ahudumie wagonjwa wangapi kwa zamu, na alazimishwe kufanya kazi saa ngapi. Ukidai la pili ukaacha la kwanza, utalipwa ovataimu mpaka uugue. Ukidai la kwanza bila la pili, inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) atakuunganishia zamu ili namba ya wauguzi itimie kwenye karatasi.

2. Ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kituoni, ina uhusiano gani na ovataimu? Si ni mambo ya utumishi hayo?

Hapa ndipo penye mzizi, kwa hiyo chukua kalamu.

Wiki ina saa 168. Muuguzi anayefuata saa za sheria anafanya 45. Kumbe ili awepo muuguzi mmoja tu wodini usiku na mchana, gawanya 168 kwa 45: unapata 3.7. Toa likizo ya siku 28 kwa mwaka, inafika 4. Ongeza anayeugua, aliyejifungua, aliyekwenda masomoni na aliyeitwa semina, unakaribia 5. Muuguzi mmoja kando ya kitanda ni wauguzi watano kwenye ikama. Viongozi wengi wanaposikia "wodi ina manesi sita" hudhani wapo sita muda wote.

Sasa chukua wodi ya wagonjwa 30, mkiwa mmekubaliana muuguzi mmoja kwa wagonjwa kumi. Mnahitaji watatu kila wakati, yaani saa 504 kwa wiki. Mko sita: saa zenu za kawaida ni 270. Sheria inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, wastani wa 12.5 kwa wiki, kwa hiyo ninyi sita mnaweza kuongeza saa 75. Jumla 345. Zimebaki saa 159 ambazo ama hakuna mtu wodini, ama kuna mtu anayefanya kazi kinyume cha sheria. Sijawahi kuona kikao kinachobaki na usingizi baada ya hesabu hiyo kuandikwa ubaoni.

3. Sheria iliyopo inasema nini kuhusu saa za kazi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahusu pia watumishi wa umma, isipokuwa majeshi. Yanayotugusa ni haya: siku za kazi zisizidi sita kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada ziwe za makubaliano, zisizidi 50 kwa wiki nne, na hata kwa makubaliano, siku isizidi saa 12. Baada ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine upate saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo.

Zamu ya saa 12 yenyewe si kosa. Sheria inaruhusu wiki ya kazi iliyobanwa, siku chache zenye saa nyingi, ila kwa makubaliano ya maandishi. Ukiuliza makubaliano hayo yako wapi, mara nyingi utaonyeshwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Ratiba si makubaliano.

4. Kama sheria ipo, ya nini kudai nyingine?

Kwa sababu iliyopo inahesabu saa, haihesabu wagonjwa. Muuguzi aliyefanya saa nane safi, akala, akapumzika, lakini alikuwa na wagonjwa 40, wengine wamelala mzungu wa nne (wawili kitanda kimoja, kichwa kwa miguu) na wengine chini, hajavunjiwa kifungu chochote cha sheria hiyo. Wizara ya Afya iliwahi kutoa mwongozo wa ikama wa 2014–2019 kwa zahanati, vituo vya afya na hospitali. Lakini mwongozo ni mwongozo. Halmashauri isipoufikia, haijibu kwa yeyote.

5. Kuna ushahidi kwamba wagonjwa wanaumia, au ni maneno ya chama?

Upo, na wa kisayansi. Mwaka 2002 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Kuhusu uchovu, ninaoupenda ni utafiti wa Marekani wa 2004 ambapo wauguzi 393 walipewa madaftari waandike wenyewe saa zao na makosa yao. Waliofanya zamu ya saa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano mara tatu wa kukosea. Waliotoa ushahidi huo ni wauguzi wa kawaida wenye kalamu. Tutarudi kwenye daftari katika swali la 15.

## Pesa

6. Saa ya ziada inalipwaje?

Si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Siku yako ya mapumziko na sikukuu ya taifa ni mara mbili. Kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5.

Mfano: mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, 207,708. Gawanya kwa 45, saa moja ni kama shilingi 4,616. Saa ya ziada ni kama 6,923. Nyongeza ya usiku ni shilingi 231 kwa saa, kwa saa kumi 2,308, hela ambayo hata chipsi mayai hainunui. Ndiyo maana nasema tusiishie kwenye posho.

Mtumishi wa serikali ana pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma na nyaraka za posho, na mara nyingi hulipwa kwa kiwango cha posho badala ya hesabu hii. Kabla ya kulalamika, jua unadai kwa msingi upi.

7. Kila tukienda tunaambiwa hela hakuna. Tujibu nini?

Kwanza, ukubali kwamba swali ni la haki. Ukimjibu mhasibu kwa hasira, umeshindwa.

Kisha peleka bili ya hali ilivyo sasa: malimbikizo ya saa za ziada, siku za ugonjwa, gharama ya kumfundisha mpya kila mwenye uzoefu anapohamia hospitali binafsi au nje ya nchi. Upungufu wetu pia una kinaya chake, maana wauguzi waliohitimu na kusajiliwa wako mtaani wakisubiri kibali cha ajira. Vyuo vimefanya kazi yake, Baraza la Uuguzi na Ukunga limetoa leseni, kilichokwama ni mshahara kwenye bajeti.

Tena Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Bima ikifanya kazi yake, wagonjwa wataongezeka milangoni, maana aliyekuwa akinywa mwarobaini nyumbani sasa ana kadi. Serikali iliyokubali kulipia matibabu inabidi iulizwe nani atayatoa.

8. Wengine wetu tunaishi kwa ovataimu. Mkiipunguza, ada ya watoto italipwa na nani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na wengi wanaouliza ni wenye bidii. Sidharau. Tunachodai ni kuondoa ovataimu ya kulazimishwa. Anayetaka saa za ziada ndani ya mpaka wa sheria abaki na haki hiyo. Lakini niseme ukweli wangu: ikama ikikaa sawa, saa za ziada zitapungua, na kipato cha baadhi kitashuka mpaka mshahara upande. Kiongozi wa chama anayewaficha hilo atawapoteza siku ya kuhesabu mikono.

## Njia ya kufika kwenye sheria

9. Tuanzie wapi: sheria, kanuni au mkataba wa hali bora?

Ngazi ni tatu, na si lazima uanze juu.

Mkataba wa hali bora kazini unafungwa kati ya chama na mwajiri. Ni wa haraka zaidi, ila unamfunga mwajiri huyo tu. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria iliyopo, kama ile ya Uuguzi na Ukunga ya 2010. Hazihitaji kusomwa mara tatu Bungeni. Sheria ni ngumu kuipata na ngumu kuiondoa.

Jimbo la Victoria, Australia, lilipanda ngazi moja moja. Uwiano wa wauguzi kwa wagonjwa uliingia kwanza kwenye makubaliano ya kazi mwaka 2000, ukafanyiwa kazi miaka kumi na tano, ndipo mwaka 2015 ukaandikwa kuwa sheria. Wakati huo hakuna aliyeweza kusema hauwezekani, maana ulikuwa ukitekelezwa kila siku. Kwa mazingira yetu naona njia hiyo ina akili kuliko kukimbilia Dodoma mikono mitupu.

10. Muswada unapita wapi mpaka uwe sheria?

Kwa kawaida unazaliwa wizarani, unapita Baraza la Mawaziri, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati inayosikiliza wadau, unarudi kujadiliwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu na Kamati ya Bunge Zima, unasomwa mara ya tatu, kisha unakwenda kwa Rais kupata saini.

Milango yetu ni miwili. Wa kwanza ni wizarani, kabla muswada haujaandikwa. Hapo neno moja la mtaalamu lina uzito kuliko maandamano. Wa pili ni kamati. Ukisubiri mjadala wa ndani ya ukumbi, umechelewa. Na usitarajie mbio: muswada wa bima ya afya niliotaja ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukakaa zaidi ya mwaka, na kilichoukwamisha kilikuwa swali la pesa zitatoka wapi.

11. Mbunge wetu ni rafiki wa hospitali. Hawezi kupeleka muswada binafsi?

Anaweza kuleta muswada au hoja binafsi. Lakini someni ibara ya 99 ya Katiba kabla ya kumbebesha mzigo. Jambo linalohitaji fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali halishughulikiwi na Bunge ila kwa pendekezo la Rais lililowasilishwa na waziri. Kifungu kinachosema "serikali itaajiri wauguzi kadhaa" kitagonga ukuta huo.

Kinachoweza kupenya ni kifungu kinachoweka wajibu bila kutaja fungu: kila kituo kitunze kumbukumbu za idadi ya wauguzi na wagonjwa kwa kila zamu, na kuzitangaza, muuguzi asilazimishwe kuunganisha zamu isipokuwa katika dharura iliyoelezwa. Mbunge pia ana silaha ndogo inayosahauliwa, nayo ni swali la Bungeni. Waziri akijibu idadi ya upungufu wa wauguzi wa wilaya yenu, jibu linaingia kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), na mwakani mnamsomea.

Kingine ni msimu. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ila ikama inayojadiliwa Aprili halmashauri zilishaiandaa miezi mingi nyuma. Kikao cha mganga mkuu wa wilaya na ofisa utumishi, wakati mvua za vuli bado zinanyesha, kina faida kuliko safari ya Dodoma mwezi Mei.

12. Tukiitwa mbele ya kamati tuseme nini?

Wajumbe wamechoka na wana makabrasha. Peleka ukurasa mmoja: hesabu ya swali la 2 kwa hospitali yenu, kifungu mnachotaka kilichoandikwa tayari, na nani atakayelipa. Mpeleke muuguzi wa zamu, asiwe kiongozi peke yake. Nimeshuhudia mjumbe akiacha simu yake mkunga mmoja alipoeleza jinsi alivyomshika mtoto aliyetoka huku akimwambia mama wa kitanda cha pili, "Mama, usisukume, nakuja." Hakuongeza chumvi. Aliulizwa swali moja tu: "Mwenzako alikuwa wapi?" Akajibu: "Mheshimiwa, mwenzangu ni mimi."

## Kuandika kifungu

13. Tudai uwiano gani? Nimesikia California ni mmoja kwa watano.

Ndiyo, kwa wodi za kawaida. Sheria yao ilipitishwa 1999, ikaanza kutumika Januari 2004: muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na kwa wazazi walio kwenye uchungu, mmoja kwa wanne idara ya dharura, na wodi za kawaida mmoja kwa sita kabla ya kushuka hadi watano. Gavana Arnold Schwarzenegger alijaribu kuzuia hatua hiyo ya mwisho, wauguzi wakaenda mahakamani wakashinda.

Kuinakili hapa kama ilivyo ni kujichimbia kaburi. Angalia Massachusetts, jimbo jingine la Marekani. Mwaka 2014 walipata sheria ya ICU peke yake. Mwaka 2018 wakapeleka uwiano wa hospitali nzima kwenye kura ya wananchi, na kama asilimia 70 wakaukataa. Hospitali zilisema vituo vidogo vitafungwa, na wauguzi wenyewe walikuwa wamegawanyika: chama kimoja kilipiga debe, kingine kilipinga.

Mimi ningeanza na leba, chumba cha watoto wachanga na ICU. Hapo hakuna anayebisha kwamba mtu mmoja hatoshi, vitanda vinahesabika, na gharama inaweza kusemwa kwa shilingi.

14. Ni maneno gani huharibu kifungu kizuri?

La kwanza ni "wastani". Uwiano wa wastani kwa mwezi ni kichaka: mchana mko sita, usiku mmoja, wastani unapendeza. California waliandika kwamba uwiano udumu wakati wote, ikimaanisha hata muuguzi akienda kula lazima awepo wa kumshikia.

La pili ni "dharura". Bila tafsiri, kila Jumatatu itakuwa dharura. New York, ambako kulazimisha ovataimu kwa wauguzi kumezuiwa tangu 2009, walizitaja: janga la kiafya, hali ya hatari iliyotangazwa, tukio lisilotarajiwa, na upasuaji ambao tayari unaendelea. Mtu aliyekwenda likizo iliyopangwa tangu Januari si dharura.

La tatu ni kutomtaja mwenye wajibu. Wales, kwa sheria yao ya 2016, hawakuweka namba moja kwa wodi zote. Waliweka wajibu kwa bodi ya afya kukokotoa wauguzi wanaohitajika, kwa kuangalia hali za wagonjwa na maamuzi ya kitaalamu, na kuchukua hatua kudumisha idadi hiyo. Mnaoogopa namba, njia hiyo inafaa kusomwa. Ubaya wake ni kwamba inategemea takwimu nzuri, na takwimu zetu mnazijua.

## Ushahidi na usalama wako

15. Mimi ni muuguzi wa kawaida. Nianze na nini leo?

Daftari la shilingi elfu moja. Kila zamu andika: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka kweli (si iliyo kwenye ratiba), wauguzi waliokuwepo, wagonjwa mwanzoni na mwishoni, ulikula au hukula. Ukiunganisha zamu, andika nani alikuomba.

Mistari saba tu. Miezi mitatu ya madaftari ya watu kumi ni zamu mia kadhaa, na hakuna kamati inayoweza kuita hilo "malalamiko ya mitandaoni". Wakati wangu wodini nilianza kuandika kwa hasira baada ya usiku mmoja wenye wagonjwa 38 na mimi peke yangu. Wiki ya tatu nikagundua kitu ambacho hasira ilinificha: usiku mbaya wote ulikuwa siku zilezile, Ijumaa na Jumapili, kwa sababu ya jinsi ratiba ilivyopangwa. Tukazungumza na matroni, nusu ya tatizo ikaisha bila sheria yoyote. Nusu iliyobaki ndiyo tunayopeleka mbele.

Usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili wala ugonjwa wake. Siri ya mgonjwa ni ya kazi yetu tangu zamani, na sasa kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

16. Naweza kuadhibiwa kwa kusema?

Mtumishi wa umma anayepiga picha wodi na kuirusha mtandaoni anajitafutia shtaka la nidhamu, hata kama alichoonyesha ni kweli. Toa daftari lako kwa tawi, chama kiseme kwa niaba ya wote. Kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake halali ni haki inayolindwa na sheria ileile ya 2004.

Ukionewa, mtumishi wa umma anatakiwa kwanza kumaliza njia za rufaa za utumishi kabla ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au mahakamani. Wengi hupoteza kesi kwa kuruka hatua hiyo.

17. Kwa nini tusigome tu?

Kwa sababu huduma za afya zimeorodheshwa kuwa huduma muhimu, na mgomo humo umezuiwa isipokuwa kwa masharti finyu. Mwaka 2012 madaktari waligoma, Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu ikaamuru wasitishe. Wenzetu wa Kenya waligoma mwaka 2017 kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2. Miezi mitano, na aliyeumia zaidi ni mgonjwa asiye na hela ya hospitali binafsi. Mgogoro kwenye huduma muhimu unapelekwa kwenye usuluhishi, ukishindikana unaamuliwa. Ni njia ya kuchosha, lakini kule madaftari yanasomwa.

## Hali za pekee

18. Niko hospitali binafsi. Haya yananihusu?

Saa za kazi zinakuhusu zote, na njia yako ya kudai ni fupi zaidi: chama, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkataba wa hali bora ndio ngazi yako ya kwanza (swali la 9). Ole wako usaini mkataba wa kazi uliosema "saa za kazi zitategemea mahitaji ya taasisi" bila kuuliza.

19. Nina mimba ya miezi minane na nimepangwa usiku.

Sheria inakataza. Miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, na miezi miwili baada ya kujifungua, hupangiwi kazi ya usiku. Ukirudi na unanyonyesha, una hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Mpelekee inchaji kwa barua, ubaki na nakala.

20. Na Zanzibar?

Afya na ajira Zanzibar si mambo ya Muungano. Sheria yenu ni ya Ajira Na. 11 ya 2005, na mlango wenu ni Baraza la Wawakilishi, siyo Dodoma. Hesabu ya wodi inafanyika vilevile, ila chukueni saa za sheria yenu, msinukuu vifungu vya Bara.

21. Sisi wa Kenya tunaanzia wapi?

Kwenu Katiba ya 2010 imegatua hospitali nyingi kwa kaunti, kwa hiyo mwajiri wako na bajeti yako viko kaunti. Bunge la kaunti lina nguvu kuliko mnavyolitumia. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni litunge, lirekebishe au lifute sheria, na ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma. Ibara ya 41 inalinda haki katika mahusiano ya kazi. Muswada wa fedha una ukuta wake kwenu pia, ibara ya 114.

22. Nafanya kazi ya kutunza wagonjwa Marekani. Sheria za uwiano zinanihusu kama mimi si nesi aliyesajiliwa?

Inategemea jimbo. Nyingi zinamlenga muuguzi aliyesajiliwa, na ndugu zetu wengi kule ni wasaidizi wa wauguzi. Oregon, kwa sheria ya 2023, wamewataja: msaidizi hospitalini asipangiwe zaidi ya wagonjwa 7 mchana na jioni, wala zaidi ya 11 usiku. Nyumba za wazee zina utaratibu wake tofauti.

Sheria ya shirikisho ya kazi ya 1938 inadai malipo ya mara moja na nusu ukizidi saa 40 kwa wiki, na inaziruhusu hospitali kuhesabu kwa saa 8 kwa siku au 80 kwa siku 14. Haimzuii mwajiri kukupa saa nyingi. Muswada wa uwiano wa nchi nzima umeletwa kwenye Congress (Bunge la Marekani) mara nyingi bila kupita, kwa hiyo nguvu iko majimboni. Ukiwa raia, una mbunge wa jimbo mwenye ofisi karibu na unapoishi. Mpigie.

23. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja tu. Uwiano una maana gani hapo?

Hauna. Hapo dai ni tofauti: pasiwe na kituo chenye mtoa huduma mmoja anayehesabiwa kuwa kazini saa 24 kwa sababu tu anakaa nyumba ya serikali iliyo jirani. Anayegongewa dirisha saa nane usiku amefanya kazi, na saa hiyo iandikwe.

24. Zamu yangu imeisha, wa kunipokea hajafika, na simu hapokei. Naruhusiwa kuondoka?

Hapana. Kuwaacha wagonjwa bila kuwakabidhi ni kosa la kitaaluma, na Baraza la Uuguzi na Ukunga halitauliza ulikuwa umechoka kiasi gani. Mpigie inchaji, kisha muuguzi wa zamu ya hospitali nzima, kisha matroni. Kila simu iandike kwenye kitabu cha ripoti: saa, uliyemwambia, alichojibu. Andika pia hali yako, kwa mfano "nimekuwa kazini tangu saa 2 usiku jana". Kwa dawa za kuhesabu na damu, omba mwenzako wa wodi jirani ahakiki pamoja nawe. Ukipokelewa, andika saa uliyoondoka, nawe nakili mistari hiyo kwenye daftari lako kabla ya kulala, maana kitabu cha ripoti ni cha hospitali na hujui kesho kitakuwa wapi.